Shilingi Isiyo na Mfalme

Kokuhirwa alizaliwa Kiruruma na akaolewa Nkwenda, akiwa na mdomo ambao mama yake alimsihi auache nyumbani. Hakuuacha. Mumewe Rwezaura, mtu mpole aliyependa migomba yake na kukaa kimya chini yake, alikuwa akiwaambia rafiki zake kwamba yeye hana haja ya kununua saa, kwa sababu mke wake humwamsha, humlisha na humlaza kwa wakati, tena bila kutiwa ufunguo. Waliishi hivyo miaka mingi, mmoja akisema na mwingine akicheka. Walijaliwa mabinti wawili, wote wakaolewa mbali. Kisha mwaka 1935, mvua za vuli zilipoanza, Rwezaura akashikwa na homa, akalala na hakuamka. Wakamzika kibanjani, kati ya migomba aliyoipanda mwenyewe, kama ilivyo desturi ya watu wa huko.

Huyo Rwezaura alikuwa na ndugu mmoja, Rwegoshora, ambaye kibanja chake kilipakana na cha marehemu. Rwegoshora alikuwa mtu wa watu. Alibatizwa mara moja na kuoa mara mbili, na siku ya mazishi alilia kuliko mjane. Lakini hata matanga hayajapoa, Kokuhirwa akaanza kuona mambo. Mpaka wa vibanja vile viwili ulikuwa umepandwa miramura, ile mimea mirefu ambayo kila mtu wa Karagwe anajua kuwa ndiyo shahidi wa ardhi. Kila mvua kubwa iliponyesha na udongo kulainika, miramura ilikutwa imesogea. Mara mgomba mmoja umevukia kwa Rwegoshora, mara mibuni kadhaa iliyokuwa karibu kuiva. Katika maisha yake Kokuhirwa alikuwa ameona ng'ombe wakitembea na mbuzi wakikimbia, lakini mimea yenye miguu alikuwa hajaiona.

"Shemeji," alimwambia asubuhi moja kutoka upande wake wa mpaka, ambao kwa kweli hakuwa tena na hakika ni upande wa nani, "hii mimea yako ina haraka ya kwenda wapi?"

"Inarudi kwao," Rwegoshora akajibu. Nyuma yake, mkewe mdogo, Placidia, alikuwa ameinama akipanda maharage mahali ambapo mwezi uliopita palikuwa pa Kokuhirwa. "Kibanja ni cha ukoo, mama. Ndugu yangu amekufa, na wewe hukumzalia mtoto wa kiume. Mume akifa, na ya mume yamekwisha. Kwenu Kiruruma hawajasahau njia."

Aliyasema taratibu, kama mtu anayemwelekeza mgeni aliyepotea, na ule utaratibu ndio uliomchoma Kokuhirwa. Angetukanwa angejibu, maana kwa matusi alikuwa na akiba. Akageuka kurudi nyumbani na macho yakamwangukia kwenye kaburi la Rwezaura. Lilikuwa hatua chache tu kutoka kwenye miramura. Mvua moja zaidi, nyingine ya pili, na mume wake angekuwa amelala kwa Rwegoshora.

Siku hiyo hiyo aliamua kufungua shauri kwenye baraza la gombolola, kwa Mwami aliyetawala vijiji vya sehemu ile. Ada ilikuwa shilingi moja, na shilingi moja alikuwa nayo. Aliipata kwa njugu mawe, zile wanawake wanazolima wenyewe mbali na vibanja, kule kwenye nyasi ambako mwanamume haendi na jembe. Ndizi zina mume na kahawa ina mume, lakini fedha ya njugu mwanamke haulizwi. Kokuhirwa aliificha shilingi yake katika chungu cha mbegu, na kila akipita alikitikisa ili aisikie.

Basi mwanzoni mwa mwaka uliofuata, Jumapili moja, katekista alitangaza kanisani kwamba mfalme wa Waingereza amefariki dunia. Watu wakapiga magoti, wakamwombea, wakasimama. Mwanamume yeyote angeliacha jambo hilo palepale kanisani. Wanawake waliondoka nalo, na hadi kufika kwenye njia panda lilikuwa limekomaa.

"Mkama wetu akifa," alisema Felicitas, jirani ambaye hakuwahi kukosa la kusema, "ngoma zinanyamaza, hakuna anayegusa jembe, wala jina lake halitajwi hovyo. Sasa huyu mfalme sura yake imo ndani ya nyumba zetu. Mimi siwezi kulala na maiti ndani ya chungu."

"Tena shilingi ya mfalme aliyekufa nani ataipokea?" akadakia mwingine. "Nayo imekufa."

Kokuhirwa alifika nyumbani bila kuaga mtu. Aliitoa shilingi yake chunguni, akaipeleka mlangoni penye mwanga. Upande mmoja alikuwapo mfalme, ana ndevu, ameangalia pembeni kama mtu anayekuona na hataki kukusalimu. Akaigeuza. Upande wa pili alisimama simba na nyuma yake milima, mkia juu, mzima wa afya. Kokuhirwa akatazama huku, akatazama kule, akafikiri kwa akili yake yote, na akili yake haikuwa ndogo. Hapa pana maiti na mzima katika nyumba moja. Mtu mwenye busara hufanya nini? Humtoa maiti akamsitiri, na mzima akabaki na nyumba.

Akamwaga mchanga kidogo juu ya jiwe la kusagia ulezi, akaweka shilingi kifudifudi, akafanya ishara ya msalaba na kuanza kusugua.

"Pole, waitu," alimwambia mfalme kwa heshima, huku mkono ukienda na kurudi. "Umefanya kazi. Pumzika sasa."

Fedha ile ilikuwa ngumu, mfalme naye hakuwa na haraka ya kupumzika. Zilikwenda ndevu kwanza, kisha pua, kisha sikio lililomkawiza. Jua lilipoanza kushuka, upande ule ulikuwa laini na unang'aa hata ukaona uso wako ndani yake. Kokuhirwa aliridhika. Simba hakuguswa hata unywele.

Siku ya baraza aliondoka mapema na kapu la njugu mawe zilizochemshwa, zimefunikwa kwa jani la mgomba, kwa kuwa haki ya gombolola ilijulikana kwa kuchelewa na njaa haichelewi. Alimkuta karani kwenye meza yake barazani. Alikuwa kijana wa Muleba aliyeitwa Yustus, mwenye kaptula iliyonyooshwa kwa pasi na Kiswahili cha shule.

"Shauri na ada," alisema Yustus bila kuinua macho.

Kokuhirwa akaweka shilingi mezani. Yustus akamwona simba, akaigeuza, akasita. Akaigeuza tena, labda mfalme amejificha.

"Mama, mfalme yuko wapi?"

"Amekufa," Kokuhirwa akamjibu. "Hujasikia? Na wewe msomi!"

Yustus alicheka mpaka kalamu ikamdondoka. Alijaribu kuiokota, akacheka tena akiwa chini ya meza. Watu waliokuwa wakisubiri mashauri yao wakasogea, maana barazani kicheko ni adimu, na muda si muda kila mtu alikuwa ameishika shilingi na kuirudisha. Kokuhirwa alisimama katikati yao, uso umemwaka moto. Alikuwa amezoea kucheka watu. Kuchekwa hakukuwa sehemu ya mazoea yake.

"Sikia, mama," alisema Yustus alipopata pumzi, na kwa kweli hakuwa kijana mbaya. "Mfalme akifa, shilingi haifi. Thamani yake iko palepale. Ungeniletea na sura ya marehemu ningeipokea sasa hivi na kukukatia risiti. Kifo cha mfalme hakikuiua hii shilingi. Imeuawa na mkono uliomkwangua."

"Na senti za tundu je? Hazina uso, tumbo nalo limetobolewa, na mnazipokea!"

"Hizo zimezaliwa hivyo." Akashusha sauti. "Tena ifiche. Kuharibu fedha ya serikali ni kosa. Mwami akiiona, utakuwa umekuja kushtaki ukashtakiwa wewe. Tafuta ada nyingine kabla shauri lako halijaitwa, la sivyo ninalifuta."

Hapo kila aliyekuwepo akageuka mshauri. Mmoja alisema shilingi mbovu hutupwa kwenye kapu la sadaka, kwa kuwa Mungu haangalii sura. Mwingine alisema apewe mtoto anayeota meno. Wa tatu, mzee mwenye macho ya ujanja, alishauri apelekewe mwenye duka jioni, wakati wa giza la kwanza, simba akiwa juu. Rwegoshora mwenyewe, ambaye alikuwa amepata habari ya shauri hilo na kufika na mashahidi wake na Placidia aliyevaa kanga mpya kama anayekwenda harusini, alisogea akiwa na shilingi nzima kiganjani.

"Shemeji, tusifanyiane aibu mbele za watu. Nipe hiyo yako mbovu, chukua hii yenye mfalme. Tuondoke, tukayamalize nyumbani."

Kokuhirwa aliitazama ile shilingi. Ilikuwa nzuri, ndevu zote zipo. Kwa dakika moja aliiona njia ya Kiruruma, na kaka zake wakimpokea, na wake za kaka zake wakimhesabia ndizi anazokula. Kisha akaliona kaburi.

"Ya kwetu hayamalizwi nyumbani," alisema. "Nyumbani miramura inasikiliza, halafu inatembea."

Akaenda kuketi ukingoni mwa uwanja, chini ya mti wa gome, akafunua kapu lake ili ale apate kufikiri. Harufu ya njugu zilizochemka na chumvi ikaenda zake kwa watu. Wengi walikuwa wameondoka majumbani kabla ya kula kitu, na mashauri ya asubuhi yalikuwa hayajafika hata nusu.

"Mama, hizo ni za kuuza?" aliuliza Desderius, shahidi wa kwanza wa Rwegoshora, akimeza mate.

Kokuhirwa alitazama kapu, akamtazama Desderius. Ikamjia kama mtu aliyewasha taa.

"Kwa nini zisiwe za kuuza?"

Desderius alinunua, akala, akanunua tena. Shahidi wa pili alimfuata. Yule mzee wa giza la kwanza alinunua na kutaka nyongeza. Placidia naye alikuja, akajaza ncha ya kanga yake mpya na kusema huku akicheka kwamba wifi yake atarudi Kiruruma na mtaji. Kokuhirwa alimpimia sawasawa, hakumjibu, ingawa jibu alilikunja na kuliweka mahali pa akiba. Senti za tundu zilikuja moja moja, naye akazitunga kwenye kamba ya mgomba kama shanga. Yustus alipoita jina lake, alimwekea mezani ule mkufu.

"Zimezaliwa hivi," alisema.

Mwami wa gombolola, mtu mnene mwenye usingizi wa mchana machoni, aliketi na wazee wawili. Kokuhirwa alieleza habari ya miramura. Rwegoshora hakukana hata kidogo. Aliinamisha kichwa kwa adabu na kusema yaleyale. Kibanja ni cha ukoo, ndugu yake hakuacha mwana, mume akifa na ya mume yamekwisha. Mashahidi wakatikisa vichwa, mmoja akijilamba chumvi midomoni. Mzee mmoja wa baraza naye alianza kutikisa. Kokuhirwa aliona shauri lake likimponyoka mchana kweupe. Maneno yote aliyokuja nayo kutoka nyumbani yalikuwa yamekwisha, na hakuna hata moja lililomwamsha Mwami.

Ndipo akatia mkono kiunoni, akafungua fundo la nguo na kuiweka shilingi yake mbele ya Mwami, upande laini ukiwa juu. Yustus alifumba macho.

"Nini hii?" Mwami akauliza, usingizi umemtoka.

"Shilingi, waitu. Nimemkwangua mfalme kwa mikono yangu. Nilisikia amekufa, nikaogopa kwamba shilingi yangu itakufa pamoja naye. Karani wako amenifundisha leo. Muulize aliniambia nini."

Mwami akamgeukia Yustus. Yustus akasimama, shati limemganda mgongoni. "Nilimwambia, Mwami, kwamba mfalme akifa, shilingi haifi. Thamani iko palepale."

"Na iliyoiua hii ni nini?" aliuliza Kokuhirwa.

"Mkono uliokwangua," akasema Yustus kwa sauti ndogo.

"Basi, waitu, mimi si mtu wa shule, lakini nikifundishwa ninashika." Sasa sauti yake ilikuwa ikitetemeka, naye aliiacha itetemeke. "Mfalme wa dunia nzima anakufa na shilingi yake inabaki shilingi. Rwezaura wangu, mtu mdogo wa Nkwenda, amekufa, kwa nini nyumba yake isibaki nyumba? Nilikuwa mke wake. Nimepalilia ile migomba tangu ujana wangu. Yeye amelala pale pale. Mimi nilikwangua mara moja, kwa ujinga wangu, na nimelipia. Huyu shemeji yangu anamkwangua ndugu yake kila mvua ikinyesha, naye halipi kitu."

Kisha mzee wa pili wa baraza, aliyekuwa amesinzia tangu asubuhi, akaanza kucheka polepole, akacheka mpaka akakohoa na kupigwa mgongoni. Mwami hakucheka, ila aliikamata ile shilingi na kuizungushazungusha vidoleni, kisha akatoa hukumu.

Hukumu haikuwa yote aliyoitaka. Kokuhirwa angekaa katika kibanja na kula humo maisha yake yote, wala hakuna wa kumtoa. Akifa, ukoo ungekaa na kuamua, na mabinti zake hawakutajwa. Kwa hilo alinung'unika hadi uzee wake, na mimi naona alikuwa na haki ya kunung'unika. Lakini Rwegoshora aliamriwa airudishe miramura kwa mikono yake mwenyewe, mkungu, yule mkuu wa kijiji, akisimama hapo.

"Na hii," alisema Mwami, akiirudisha shilingi. "Sheria imewekwa kwa wanaokwangua ili waibe. Wewe ulikwangua usiibiwe. Nenda nayo. Nikisikia imeonekana dukani, tutaonana tena."

Rwegoshora alichimba na kupanda siku nzima, jasho likimtoka, na Placidia akang'oa maharage yake. Kokuhirwa aliweka kigoda mlangoni, akaketi kama mkaguzi, na kila mmea uliopinda aliutaja. Walipoondoka wote alikwenda kaburini. Alikusudia kumsimulia Rwezaura kisa chote, jinsi kalamu ilivyomdondoka karani na jinsi Desderius alivyojilamba. Alifungua mdomo na kwa mara ya kwanza haukutoa kitu. Akakaa chini, akalia. Tangu siku ya mazishi hakuwa amelia hivyo, maana huwezi kumlilia mume huku unalinda mpaka.

Shilingi alijaribu kuipa kazi. Alimpa mjukuu achezee, akaimeza, ikarudi. Mwishowe aligundua kwamba ukingo wake unakwangua vizuri utomvu wa ndizi kwenye kisu na vidoleni, kuliko jiwe na kuliko majivu. Ikawa kazi yake hiyo. Iliwekwa jikoni, nyeusi kwa utomvu, na mgeni akiuliza ni kitu gani aliambiwa kwamba ni mtumishi wa serikali aliyestaafu. Rwegoshora alikuwa akija kunywa rubisi sikukuu, na walitaniana kama mashemeji wanavyotaniana, ila hawakutaniana habari ya mimea.

Mwaka 1952 ikasikika tena kwamba mfalme wa Waingereza amekufa, mwana wa yule wa kwanza. Wanawake vijana walimjia Kokuhirwa, sasa bibi kizee mwenye fimbo, wakimuuliza nusu kwa mzaha wafanye nini na shilingi zao.

"Katumieni," aliwaambia. "Mimi nilishawajaribia."

Wakaondoka wakicheka. Mmoja alibaki nyuma mlangoni, naye hakuwa kijana. Alikuwa Placidia. Rwegoshora alikuwa amezikwa mwezi uliopita, na Placidia hakubahatika kuzaa naye. Kibanja kilikuwa mikononi mwa watoto wa mke mkubwa.

"Shikamoo, wifi."

"Marahaba. Na wewe una shilingi?"

Placidia akafungua ncha ya kanga. Ilikuwamo, moja tu, amekuja nayo ili apate cha kusemea.

"Watoto wananiambia kwamba kwetu Nyakakika hawajasahau njia," alisema.

Kokuhirwa alimtazama. Lile jibu alilolikunja siku ile ya baraza lilikuwa bado lipo, halijachujuka, na alikuwa amelihifadhi miaka kumi na sita. Alilifikiria. Akaona mikono ya Placidia jinsi ilivyokuwa ikiikunja na kuikunjua ile kanga, akalimeza.

"Ingia ndani, ukae," alisema. "Na hiyo usiikwangue. Ifunge vizuri. Kesho tunaitoa ada gombolola."